Mali Bila Daftari: Ua Dogo la Pwani Yetu na Kazi ya Kamati za Parokia

(Hii ni hotuba iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, hapa Bagamoyo. Tunaichapa karibu yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Katika ratiba mliyogawiwa asubuhi, mada yetu imeandikwa kwa neno moja tu, "Mazingira". Tunaomba radhi mapema. Leo hatutazungumzia upandaji miti wala majiko sanifu, kwa kuwa hayo mmeyasikia mara nyingi na mengine mnatufundisha ninyi. Tutazungumzia ua moja dogo, karatasi ambazo ua hilo limebandikwa, na kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe katika eneo letu la kazi. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ndiyo hotuba yetu yote. Yanayofuata ni maelezo tu.

KAZI ISIYO NA MNARA

Kila mgeni anayefika hapa Misheni huonyeshwa mbuyu, makumbusho, na mahali ambapo mwili wa Dakta Livingstone ulipumzishwa mwezi Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi hapa mwaka 1868, na historia hiyo mnaijua kuliko sisi.

Lakini ipo kazi nyingine iliyofanyika hapa ambayo haina mnara. Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1856, alifika pwani hii mwaka 1879 akakaa karibu miaka 20, Bagamoyo na Unguja. Wanaomjua wanamjua kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris kwa majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1939 na la pili mwaka 1941. Wachache wanajua kwamba padre huyo alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Alikata vitawi vyenye maua, akavikausha katikati ya karatasi, akaandika alikovipata, akavipeleka kwenye Makumbusho ya Taifa ya Viumbe na Mimea mjini Paris. Viko huko mpaka leo. Mti mmoja wa pwani yetu unaitwa na wataalamu Erythrina sacleuxii kwa heshima yake, na jenasi nzima ya mimea imepewa jina la Sacleuxia.

Tukiangalia vizuri tunaona kwamba kazi zake mbili zilikuwa kazi moja. Mtu anayetunga kamusi hana budi kuuliza, "Hiki mnakiitaje?" Akiuliza hivyo kila siku njiani, shambani na kichakani, baada ya miaka anakuwa na maneno mengi ya mimea, na akitaka kuwa na hakika kwamba neno hili ni la mmea huu na si la mwingine, inambidi auweke mmea wenyewe. Ndiyo maana katika kamusi ya Sacleux majina mengi ya mimea ya Kiswahili yameambatana na jina la kitaalamu.

KARATASI MOJA INA NINI

Huenda wengine wetu hatujawahi kuona mahali panapoitwa hebaria. Ni jumba, au chumba, cha kutunzia mimea iliyokaushwa. Hakuna vyungu wala maji humo. Kuna makabati, na ndani ya makabati kuna majalada, na ndani ya majalada kuna karatasi ngumu kubwa kidogo kuliko gazeti la kawaida lililokunjwa. Juu ya kila karatasi umebandikwa mmea mmoja mkavu: jani, ua, tunda likipatikana, na mzizi kama mmea ni mdogo. Pembeni, chini, kuna lebo.

Lebo hiyo ndiyo yenye thamani. Mmea mkavu usio na lebo ni majani tu. Lebo inasema mmea ulichukuliwa wapi, tarehe gani, na nani, na nambari yake katika daftari la mkusanyaji. Lebo nzuri inaongeza mengine: ulikuwa juu ya jiwe au kwenye mchanga, kivulini au juani, ua lilikuwa na rangi gani likiwa bichi (kwa sababu rangi hufifia), wenyeji wanauitaje, na wanautumia kwa lipi.

Mkulima mwenye hati ya shamba ataelewa haraka. Karatasi hiyo ni ushahidi. Inasema: siku fulani, mahali fulani, mmea huu ulikuwepo. Miaka 100 baadaye mtu anaweza kurudi mahali palepale na kuuliza kama bado upo. Asipoukuta, anajua kitu kimeondoka. Bila karatasi hiyo, hata swali halipo.

Kwetu Tanzania yako majumba ya namna hiyo. Ipo hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ipo Hebaria ya Taifa kule Arusha. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi, ilikuwa kwanza Amani, kwenye milima ya Usambara, na ilihamishwa mwaka 1950. Kwa kutumia karatasi za majumba hayo na ya Ulaya, wataalamu waliandika kitabu cha mimea yote ya Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012. Miaka 60 ya kazi, na mimea zaidi ya 12,000. Katika miaka ya karibuni mamilioni ya karatasi za hebaria yamepigwa picha, na mtu aliye Bagamoyo mwenye simu na bando anaweza kuiona karatasi iliyoko Paris bila kupanda ndege.

UA LA TANGA

Sasa tulitazame ua moja ambalo habari zake zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko maneno yetu.

Ndugu zetu wafadhili kutoka Ulaya, huenda wengine mnalo dirishani nyumbani. Ni mmea mdogo, majani yake ya mviringo yamelala kama sahani na yana manyoya laini, na katikati yanatoka maua ya rangi ya urujuani yenye vichwa viwili vidogo vya manjano. Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, ingawa halina udugu wowote na urujuani wa Ulaya. Linauzwa madukani duniani kote. Huko Marekani wapenzi wake waliunda chama mwaka 1946, na aina zilizozalishwa bustanini zimefika maelfu.

Chimbuko lake ni hapa kwetu na majirani zetu wa Kenya, basi. Halioti porini mahali pengine popote duniani. Linakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, chini ya miti mikubwa, na baadhi ya aina zake zinaishi katika eneo dogo kama kijiji kimoja.

Karatasi za kwanza zilikwenda Uingereza. Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, alipeleka sampuli mwaka 1884. Mchungaji W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Mombasa na ambaye tunamkumbuka kwa kukusanya methali na mashairi ya Kiswahili, alipeleka nyingine mwaka 1887. Wote wawili walikuwa na bahati mbaya: sampuli zao hazikutosha kwa wataalamu kuueleza mmea mpya. Zikawekwa kabatini. Mmea ulikuwa umefika, lakini haukuwa na jina.

Kisha katika mwaka 1891 au 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Kijerumani, aliliona ua hilo, akampelekea baba yake huko Silesia. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika na kulipa jina la Saintpaulia ionantha: neno la kwanza ni heshima kwa baba na mwana, na la pili lina maana ya ua kama urujuani. Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua mjini Ghent, Ubelgiji. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza.

Hapo ndipo tunaomba mtege sikio. Saint Paul alieleza kwamba aliliona ua hilo mahali pawili. Pa kwanza palikuwa mwendo wa kama saa moja kutoka mji wa Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, chini sana karibu na usawa wa bahari. Pa pili palikuwa msituni Usambara, juu ya mwamba wa namna nyingine, mlimani. Kumbe ua ambalo dunia nzima inaliita la mlimani ni la pwani pia. Lilikuwa kwenye mawe yaleyale ya chokaa ambayo wengi wenu mmeyaona mkienda kutembelea mapango ya Amboni.

Bustani za Ulaya hazikujali tofauti hiyo. Mimea ilichanganywa, ikauzwa kwa jina moja, na ilichukua miaka mingi kabla ya wataalamu kutambua kwamba chini ya jina hilo moja kulikuwa na mimea ya namna mbili. Wakalazimika kurudi kwenye karatasi na maandishi ya zamani kuuliza: huu ulitoka wapi? Mtaalamu mmoja wa Edinburgh, B. L. Burtt, alilifanyia kazi kundi hilo kwa miaka mingi, na hesabu ya aina ikafika karibu 20. Mwaka 2006 karatasi zilipopitiwa upya zikaonekana aina 6 tu, moja ikiwa imegawanyika katika vijamii kadhaa. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, kundi lote likaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Ua la Tanga leo linaitwa Streptocarpus ionanthus.

Msijisumbue kukariri majina hayo. Tumeyataja ili muone jambo moja. Jina limebadilika, hesabu imepanda na kushuka, wataalamu wamebishana na watabishana tena. Kilichobaki palepale ni mahali na tarehe. Aliyeandika mahali kwa usahihi amewasaidia wote waliokuja baadaye, hata wale waliomkosoa. Aliyeandika "Afrika Mashariki" tu, au "Zanzibar" akiwa na maana ya pwani nzima, amewaachia kazi ya kubahatisha.

Na karatasi nazo zinakufa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin iliteketea kwa mabomu ya vita. Sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa nchini kwetu wakati wa Wajerumani iliungua usiku ule, ikiwemo mingi ambayo ndiyo iliyokuwa kielelezo cha kwanza cha jina lake. Palipokuwa na nakala ya pili mahali pengine, habari zilipona. Palipokuwa na moja tu, zilipotea. Ndiyo sababu mkusanyaji makini hukausha vitawi viwili au vitatu vya mmea mmoja na kuvigawa.

JINA AMBALO HALIKUANDIKWA

Tukisema hayo yote, kuna pengo ambalo hatuwezi kulipita kimya tukiwa mbele ya wajumbe wa vijiji.

Baba mkuu wa wilaya hakutangatanga peke yake kwenye mawe ya Tanga mpaka akakanyaga ua. Padre hakuota usiku jina la mmea. Mgeni aliyefika pwani katika karne ya 19 alikuwa na wapagazi, na waongozaji, na mama aliyemwonyesha dawa ya mtoto, na kijana aliyepanda mti kumkatia tawi. Lakini ukisoma lebo za wakati ule, kwa kawaida utakuta jina la mkusanyaji mmoja tu. Aliyejua mahali hakuandikwa.

Mambo yalibadilika polepole. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 majina ya Watanzania yalianza kuonekana kwa wingi kwenye lebo. Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya sana katika misitu ya pwani, na C. K. Ruffo anajulikana pia kwa kitabu cha mimea pori inayoliwa Tanzania, kilichotoka mwaka 2002. Na safari nyingine lugha yetu yenyewe iliingia kwenye jina la kitaalamu. Mnakijua kilua, kile kiua chenye harufu nzuri ambacho wanawake wa mwambao hukiweka kwenye nguo na nywele. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipotambua kwamba mti wake ni wa jenasi ya peke yake, aliupa jina la Mkilua fragrans. Mkilua, kama alivyouita bibi yako. Huo ni mfano wa heshima, na tungependa uwe desturi.

KOSA LETU

Sasa tuje kwenye kosa.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia parokia moja ya pwani hii kujenga ghala na chumba cha mashine ya kusaga. Mradi ulikuwa mzuri. Kina mama walikuwa wakitembea mwendo mrefu na debe la mahindi kichwani, sasa hawatembei. Fedha zilitumika kama ilivyopangwa, na hesabu zilifungwa kwa wakati. Wafadhili waliotusaidia wako humu ukumbini, na tunasema tena ahsante.

Kiwanja kilikuwa kichaka. Katika taarifa yetu tuliandika maneno matatu: "eneo lilikuwa pori". Tukalisafisha kwa siku nne. Kulikuwa na mkwaju mkubwa, mawe machache ya matumbawe, na vichaka ambavyo hakuna kati yetu aliyeviangalia.

Siku ya ufunguzi, baada ya hotuba na ngoma, bibi mmoja mzee alitujia, akatushika mkono, akasema, "Wanangu, mmejenga vizuri, Mungu awabariki. Lakini kile kiua kilichokuwa kikiota chini ya mkwaju, kwenye yale mawe, mmekihamishia wapi?"

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Alieleza kwamba ni kiua cheupe chenye doa la zambarau ndani, kifupi kama kidole, kinachotoka mvua za vuli zikianza na kupotea kabla hazijakwisha. Mama yake alikuwa akikichemsha kwa ajili ya watoto wenye homa. Alitutajia jina lake. Tulimwomba alirudie, tukaliandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Hilo ndilo andiko pekee lililopo.

Tulipofika ofisini tulilitafuta jina hilo kwenye kamusi na vitabu vya mimea ya dawa. Hatukulipata. Tulimwelezea mtaalamu wa mimea kwa simu, naye akatuuliza maswali ambayo hatukuweza kuyajibu: majani yamekaa mawili mawili au moja moja? Ua lina petali ngapi? Mzizi ni kiazi au nyuzi? Mwishowe akasema kwa upole, "Bila sampuli siwezi kuwaambia kitu."

Vuli iliyofuata bibi alitupeleka mahali pengine pawili alipokumbuka kukiona alipokuwa msichana. Pa kwanza tulikuta tanuri la mkaa, bado lina joto. Pa pili mawe yapo na kivuli kipo, lakini hatukukuta kitu. Huenda tulichelewa. Huenda mvua ilikuwa haba. Bibi alikaa juu ya jiwe akatwambia, "Kilikuwa kingi. Ndiyo maana hakuna aliyekiangalia."

Ndugu zangu, hatudai kwamba tuliangamiza ua la ajabu. Pengine kiua hicho kimejaa Zaraninge, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kina karatasi 50 kwenye makabati ya dunia. Pengine ndicho kilikuwa cha mwisho. Uzito wa kosa letu uko hapo: hatuwezi kujua ni lipi. Tulipoteza bila habari. Na tulifanya hivyo kwa siku nne, kwa fedha za sadaka, hali mtu aliyejua kila kitu alikuwa akiishi hatua 200 kutoka hapo na hakuna aliyemwuliza.

DAFTARI KWANZA, PANGA BAADAYE

Baada ya hapo ofisi yetu ilijiwekea utaratibu, na leo tunauleta mbele yenu tukiomba kamati zote ziupokee. Hauhitaji shahada. Padre Sacleux alikuwa na karatasi, jua na subira. Hivyo vyote tunavyo.

Kwanza, kabla ya kusafisha kiwanja chochote cha mradi, kamati iteue watu watatu: mzee mmoja anayejua mimea ya mahali, kijana mmoja anayeandika vizuri, na mwalimu. Wapite eneo hilo angalau mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu mimea mingine hujificha ardhini nusu ya mwaka.

Pili, wawe na daftari moja la jalada gumu, linalotunzwa pamoja na vitabu vya hesabu vya parokia. Kila mmea upewe nambari, na kwa kila nambari yaandikwe mambo saba: tarehe; mahali kwa usahihi, pamoja na kitongoji na alama isiyohama; namna ya ardhi na kivuli; kimo cha mmea; rangi na harufu ya ua; jina la kienyeji na lugha yake, iwe Kizaramo, Kikwere, Kizigua au Kiswahili; na matumizi. Kisha majina ya watu wote waliokuwepo, akianza yule aliyeonyesha. Mtu asipopenda siri ya dawa yake iandikwe, isiandikwe. Jina la mmea na mahali vinatosha.

Tatu, kama mmea ni mwingi, wachukue vitawi viwili vyenye ua, wavilaze ndani ya magazeti, waweke mbao mbili juu na chini, wafunge kwa mpira wa baiskeli, na wabadilishe magazeti kila siku mpaka vikauke. Kitawi kimoja kwa hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kingine kwa Arusha. Kama mmea ni mchache, wasing'oe. Wapige picha, jani kwa karibu na ua kwa mbele, waandike, waache. Ua la Tanga limeteseka vya kutosha kwa mikono ya wanaolipenda.

Nne, wazungumze na serikali ya kijiji mapema. Kwenye hifadhi hakuna kuchukua chochote bila kibali. Na mahali ambapo kichaka bado kipo na kijiji kinakitaka kibaki, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi. Daftari lenye orodha ya mimea ni hoja nzuri mezani siku ya mkutano mkuu wa kijiji.

KWA NDUGU ZETU WAFADHILI

Tunajua mtauliza gharama. Daftari, magazeti ya zamani, mbao, nauli ya kwenda hebaria, na posho ndogo ya chakula kwa watu watatu. Si kubwa kwa mradi wowote mnaotusaidia. Gharama ya kweli ni muda. Mradi uliotakiwa kuanza mwezi wa nane utasubiri mvua za vuli. Taarifa ya robo mwaka itasema "bado", na ninyi mtalazimika kuwaeleza waliochanga kwa nini jengo halijasimama.

Tunaomba mtukubalie kusubiri huko. Tunaomba pia neno "pori" lisikubaliwe tena katika maombi ya mradi yanayotoka ofisini kwetu. Mkilikuta, mturudishie ombi, mtuulize: pori lenye nini?

Kuna kiwanja kimoja mezani kwenu leo, ekari tatu za kichaka karibu na bahari, ambacho parokia husika inakitaka kwa nyumba ya walimu. Nyumba hiyo inahitajika. Walimu wanapanga vyumba vinavyovuja. Hatusemi isijengwe. Tunapendekeza wajumbe watatu waingie kwanza na daftari, vuli hii na masika ijayo, na ramani ya nyumba ichorwe baada ya hapo, ikiwezekana kwa kuacha kona moja yenye mawe na kivuli kama ilivyo.

Bibi yetu bado yu hai, na miguu yake bado inamtii asubuhi. Amesema mvua za kwanza za vuli zikinyesha tumpitie, kuna mahali pa tatu alipopakumbuka, upande wa mikoko. Tutakwenda. Tumenunua daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza tumeacha nafasi ya nambari moja, na pale panapoandikwa jina la aliyeonyesha, jina lake tumekwisha kuliandika.